Mafuta Yaliyomwagwa Oldonyo Sambu

Fanuel alimvunja Sumari taya mbele ya watu wote, katika ukumbi wa baa moja pale Sombetini, kwenye mkutano ulioitishwa ili wafanyabiashara waelewane. Ilikuwa Novemba mwaka 2000. Nchi ilikuwa imejitoa Comesa, lile soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, na mjini Arusha hakuna aliyekuwa na hakika mzigo utavuka mpaka kwa utaratibu gani. Mtu aliambiwa hili asubuhi, jioni akasikia jingine.

Waandaaji walimwalika Agnela, mchumi kijana aliyekuwa akifanya kazi za ushauri mjini, aje awaeleze watu njia zilizobaki. Alieleza bila haraka. Nchi inaweza kuomba kurudi ilikotoka. Inaweza kuegemea kusini, kwa nchi za SADC, mzigo ushuke Mbeya uingie Zambia na Malawi. Au inaweza kusubiri Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyofufuliwa juzi tu na kuwekewa makao yake hapo hapo Arusha, mpaka wanachama wakubaliane juu ya ushuru. Kila njia ina watu wake wa kufaidika na watu wake wa kuumia, alisema, na afadhali watu waseme wazi nani ataumia kuliko kujidanganya.

Fanuel alikuwa wa kwanza kusimama. Alikuwa mtu wa Machame, mrefu, mwimbaji wa besi katika kwaya ya usharika wake, na alipozungumza hakuhitaji kipaza sauti. Alisema kujitoa kule lilikuwa jambo la kwanza la maana tangu milango ya biashara ifunguliwe. Yeye alikuwa ameacha kazi ya serikali akanunua mashine ya kukamua alizeti, kwa sababu watu walihimizwa wajiajiri. Kisha mafuta ya kupikia ya nje yakamiminika kama mvua, na wenye mashine pale Sombetini wakafunga mmoja baada ya mwingine. Sasa wateja walikuwa wanaanza kurudi. Anayetaka turudi Comesa, alisema, anataka kunizika.

Sumari alimjibu akiwa amekaa. Alikuwa Mmeru, mkulima wa Nduruma, na wakulima wenzake walimfuata kwa kila jambo. Alisema maharage yake yanaota ndani ya magunia. Wanunuzi wake wako Nairobi, si Zambia, na yeye hana lori la kumfikisha Mbeya. Akaongeza, kwa sauti ile ile ya kawaida:

"Na mafuta yako yananuka, Fanuel. Hata mkeo ananunua ya Kenya. Nimemwona sokoni kwa macho yangu."

Ukumbi mzima ulicheka. Pengine Fanuel angevumilia maneno, lakini kicheko kile hakukiweza. Alishika benchi la mbao kwa mikono miwili, akalizungusha, na ubao ukampata Sumari shavuni. Watu waliokaa karibu walisikia mfupa. Sumari alianguka kati ya viti, mdomo umefunguka upande, damu na meno vikimdondokea kwenye shati. Fanuel aliinua benchi mara ya pili. Wanaume wanne walimrukia wakamlaza chini, na bado aliendelea kutupa mateke, akiuliza nani mwingine anacheka.

Aika, dada yake Fanuel, alikuwa safu ya pili. Yeye ndiye aliyevua kitenge chake akamfunga Sumari kidevu, na yeye ndiye aliyemsindikiza hospitali. Maharage ya Sumari alikuwa akiyanunua yeye. Miaka sita alikuwa akikusanya maharage na vitunguu vya Nduruma na kuvipeleka Kenya. Kwa hiyo hatua ile ile iliyompa kaka pumzi ilikuwa imemkaba dada.

Hawakuwa ndugu wa kugombana. Baba yao alikufa Aika akiwa bado mdogo, na Fanuel ndiye aliyemlea. Aliwahi kumbeba mgongoni, akiugua surua, toka nyumbani kwao mpaka hospitali, mvua ikinyesha njia nzima, wala hakumshusha hata mara moja. Aika alipoolewa na kuhamia Sekei, mjini Arusha, Fanuel alikuja kila Jumapili baada ya ibada, akala, akacheza na wanawe. Jumapili baada ya mkutano ule hakuja. Wala ile iliyofuata.

Wazee walimaliza kesi ya taya nje ya mahakama, Fanuel akalipa matibabu. Lakini Sumari alikaa wiki nyingi akinywa uji kwa mrija, na Nduruma wakaapa kwamba mtu yeyote wa mashine ya alizeti atakayekanyaga kwao atarudi amebebwa. Kijana mmoja aliyekwenda kununua mbegu alipigwa kwa mpini wa jembe mpaka akapoteza fahamu. Wenye mashine nao wakamvizia mchukuzi wa vitunguu, wakamvunja vidole. Mjini mambo yale yaliitwa ugomvi wa Comesa, na wengine waliyasema kwa mzaha.

Huku nyuma Aika alikuwa anafilisika. Mara mbili gari lake lilikaa mpakani mpaka vitunguu vikaoza. Mumewe, Hans, mhandisi wa maji aliyekuwa kazini Singida, alimshauri kwa simu apumzike kwanza, mambo yatatulia. Aika hakutaka kupumzika. Alikwenda kwa Lemayian.

Lemayian alikuwa mtu wa Oldonyo Sambu, magharibi ya Mlima Meru, mfugaji na mkulima, na kwa miaka mingi ndiye aliyeendesha pikapu ya Aika. Alizijua njia za panya zote kati ya Longido na mpaka, kwa sababu toka utoto alipitisha ng'ombe huko, na ng'ombe hawaulizi nchi inaishia wapi. Alikuwa mtu wa maneno machache na cheko la ghafla. Watoto wa Aika walimpenda. Fanuel mwenyewe alimfahamu vizuri. Walikula meza moja pale Sekei mara nyingi, na Fanuel alizoea kumtania kwamba atamfundisha kuimba.

Walikubaliana maharage yapite porini, mchana, kama mzigo wa watu wa kijijini. Yalifika. Lakini gari likawa linarudi tupu, na siku moja Lemayian akamuuliza Aika kama anaweza kurudi na madumu ya mafuta ya kupikia. Mafuta ya kule yalikuwa na faida kubwa sasa kwa sababu yalikuwa haba. Aika alijua ni mafuta gani, na alijua ni ya kumwumiza nani.

"Lete," alisema. "Usimwambie mtu."

Haikupita muda wenye mashine wakagundua kwamba mafuta ya nje yamerudi madukani. Walilalamika kunakohusika, wakaahidiwa, wakasubiri. Kisha Fanuel akawakusanya vijana wake wa kiwandani, akawapa nondo, wakaanza kwenda kwenye barabara ya Namanga kusimamisha magari wenyewe. Walianza kwa kumwaga mafuta tu. Baadaye wakawa wanawapiga na madereva. Dereva mmoja walimvua nguo, wakamlaza kwenye mafuta yake yaliyochanganyika na vumbi, wakamchapa kwa mkanda wa mashine mpaka ngozi ikaachia. Mwingine walimpasua goti.

Aika alipopata habari hizo alikwenda Sombetini kumwona kaka yake. Kiwanda kilikuwa kibanda cha mabati chenye mashine katikati na lundo la mashudu ukutani. Alimkuta Fanuel amekaa juu ya gunia la alizeti, amekonda, macho mekundu. Aika alimsalimu shikamoo, naye hakuitikia. Alimweleza kwamba anachofanya ni ujambazi, kwamba ataua mtu. Fanuel alisema mtu akishakuja kukutoa chakula mdomoni, wewe ukamshika mkono, jambazi si wewe.

"Kaka, gari langu linapita huko," Aika alisema.

"Basi lisipite."

Aika alirudi nyumbani. Angeweza kumzuia Lemayian. Alilifikiria jambo hilo njia nzima kutoka Sombetini mpaka Sekei, na aliona kwamba akimzuia atakuwa amekubali kwamba Fanuel ndiye anayeamua nani ale na nani alale njaa. Siku mbili baadaye Lemayian alipokuja kuchukua funguo, Aika alimwambia tu awe mwangalifu, na asisimame akiona mawe barabarani. Lemayian alicheka, akagusa rungu lake chini ya kiti.

Walimkamata saa tisa alasiri, chini kidogo ya Oldonyo Sambu, pale barabara inapoingia korongo. Aminiel, msimamizi wa mashine ya Fanuel, alikuwepo, na yaliyotokea yalijulikana kwa kinywa chake.

Mawe yalikuwa yamepangwa nyuma ya kona. Lemayian alijaribu kuyazunguka, tairi la mbele likatumbukia mtaroni, gari likazima. Vijana walivunja vioo kwanza. Yeye alitokea mlango wa pili, rungu mkononi, na wa kwanza kumfikia alipigwa kwenye paji la uso akaanguka kama gogo. Wa pili alivunjika mkono. Lemayian hakukimbia, ingawa pori lilikuwa hatua chache nyuma yake na boma lake lilikuwa si mbali. Aliweka mgongo kwenye gari, akawasubiri. Damu ya majeraha ya vioo ilikuwa imemjaa machoni, kwa hiyo alikuwa akipigana na watu asiowaona sawasawa.

Aminiel alilitambua gari. Alimshika Fanuel bega, akamwambia hili ni gari la Mama Sia, dada yako, na yule ni dereva wake.

"Gari halina undugu," Fanuel alisema.

Akasogea na nondo. Lemayian alijifuta macho kwa kiganja, akamwona, na mkono wenye rungu ukashuka. Alisema kitu ambacho Aminiel, kwa kelele za vijana, hakukisikia. Fanuel alimpiga nondo juu ya sikio. Lemayian alipiga magoti, akashika gurudumu kana kwamba anataka kuinuka, kisha akalala kifudifudi chini ya gari.

Vijana walikuwa wamepandwa na wazimu kwa sababu mwenzao alikuwa haamki. Walichoma madumu kwa visu, mafuta yakatiririka kutoka nyuma ya pikapu mpaka kwenye vumbi. Mmoja wao akafungua tangi, akachovya shati ndani ya petroli, akaliwasha, akalitupa. Moto ulipita chini ya gari kwa mkupuo. Hapo Lemayian alipiga kelele, wakajua kwamba alikuwa hai.

Fanuel alitupa nondo. Alijitupa chini, akaingiza mikono yote miwili ndani ya moto, akamshika Lemayian kwapani akavuta. Shuka aliyovaa ilichanika. Akashika tena, akavuta, na ngozi ya mikono ya yule mtu ikambakia viganjani. Alimvuta mpaka nusu ya mwili ikawa nje, na bado mguu mmoja ulikuwa umebanwa chini ya ekseli. Aminiel alimng'oa Fanuel pale kwa nguvu, kwa sababu nywele zake zilikuwa zimeshika moto. Walipakia majeruhi wao kwenye gari lao wakakimbia. Nyuma yao kelele iliendelea kwa muda, kisha ikakoma.

Watu wa Oldonyo Sambu waliuona moshi wakashuka. Nanyori, mke wa Lemayian, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa akikama ng'ombe, na alishuka na kibuyu cha maziwa mkononi bila kujua amekishika. Alimtambua mumewe kwa viatu vya tairi.

Asubuhi yake Fanuel alikuja Sekei. Aika alikuwa ameshaletewa habari na polisi usiku, ameshalia akanyamaza, na alipofungua mlango alimkuta kaka yake amesimama mbele ya ngazi, mikono imefungwa vitambaa vya kanga mpaka viwikoni, nusu ya nywele hakuna. Alinuka petroli na nyama. Hakuhitaji kuulizwa.

Aliomba maji. Aika alimnywesha kwa kikombe kwa sababu hakuweza kushika. Kisha akamketisha jikoni, akaanza kufungua vitambaa polepole, akivilowesha kwa maji ya chumvi, na kila kilipotoka kilitoka na kipande. Fanuel aling'ata mdomo. Alisema anahitaji kufika Machame, kwa mjomba, akae huko mpaka mambo yapoe. Alisema hakukusudia moto.

"Na nondo?" Aika aliuliza.

Fanuel aliitazama mikono yake iliyoungua.

"Kaka, alikuwa mtu wa humu ndani. Alikula kwenye sahani hizi."

"Alikuwa amebeba mafuta," Fanuel alisema. "Nani alimtuma mafuta, Aika?"

Aika alimpiga kofi. Hakuwahi kufanya hivyo maishani, na alimpiga tena, na tena, kwa kiganja na kwa ngumi, kichwani pale ngozi ilipoungua, mpaka Sia, binti yake mkubwa, akatoka chumbani na kuanza kulia. Fanuel hakuinua mikono kujikinga. Alipoacha, Aika alikuwa anahema, damu ya kaka yake imemganda kwenye pete ya ndoa. Alimwambia hawaendi Machame, wanakwenda polisi, wote wawili. Yeye ataeleza ya mafuta na Fanuel ataeleza ya nondo. Fanuel alitikisa kichwa kukubali. Aliomba kitu kimoja tu, apite kiwandani kwanza amwachie Aminiel funguo. Aika alikubali, na kukubali kule kuligharimu mengi.

Tajeu, mdogo wake Lemayian, alikuwa amewahi, kwani kila mtu wa barabara ile alijua magari yanasimamishwa na nani. Alikuja na vijana wa rika lake kutoka Oldonyo Sambu, wamejazana kwenye lori la ng'ombe, na walipofika Sombetini walikuwa hawana la kuuliza. Aika na Fanuel walipokata kona walikuta mabati ya kiwanda yamelala barabarani. Ndani kulikuwa na sauti ya chuma juu ya chuma. Mlinzi mzee alikuwa amekaa ukutani ameshika tumbo, na aliwaambia wakimbie.

Walionekana kabla hawajageuka. Rungu la kwanza, lililotupwa kutoka mbali, lilimpata Fanuel kifuani. Aliyumba, akaanguka, akaburutwa kwa shingo ya koti mpaka mbele ya mashine iliyovunjwa. Walimpiga kwa zamu, bila kelele, na kila pigo lilitoa sauti ya gunia linaloshushwa. Mbavu zilivunjika. Jino likatoka. Mmoja aliona mikono iliyofungwa, akakanyaga kiganja kimoja kwa kisigino akakisokota, na hapo ndipo Fanuel alipopiga kelele kwa mara ya kwanza.

Aika alijipenyeza katikati yao akajilaza juu yake. Rungu lililokuwa limeshaanza kushuka lilimvunja mkono wa kushoto. Alisikia joto tu, maumivu yalikuja baadaye. Alipayuka jina la Tajeu. Kijana yule alimjua. Alikuwa akimbebea asali kila mwaka. Aliwasimamisha wenzake kwa mkono, sime ikiwa wazi.

"Toka, Mama Sia," alisema.

"Mimi ndiye niliyemtuma kaka yako," Aika alisema. "Mafuta yalikuwa yangu. Nilijua wako barabarani na bado nikampa funguo. Ukitaka kuua, anzia hapa."

Tajeu alimtazama kwa muda mrefu. Ncha ya sime ilishuka. Aika aliamini kwamba amemfikia, na pengine ni kweli, kwa sababu sime haikwenda shingoni. Tajeu alizunguka upande wa miguu, akainama, akamkata Fanuel mshipa wa nyuma ya kifundo, mguu wa kulia, kwa pigo moja la kuvuta, kama mtu anayekata kamba. Kisha akafuta sime kwenye mashudu na kukaa chini. Polisi walipofika alikuwa bado amekaa hapo, na alinyoosha mikono mwenyewe.

Kesi ilichukua karibu mwaka mzima. Aminiel alieleza yote. Fanuel alikiri kuua bila kukusudia, akafungwa miaka kumi na miwili. Aliingia kizimbani na magongo, na mkono mmoja ulikuwa umejikunja usifunguke tena. Vijana wawili waliofanya naye walifungwa, wengine walitorokea machimboni. Tajeu alifungwa kwa ule mguu, lakini si muda mrefu. Aika alitoa ushahidi dhidi ya kaka yake na dhidi yake mwenyewe, akatozwa faini ya magendo na gari likahesabiwa limepotea. Wajomba wa Machame hawakumsamehe. Walisema mwanamke anayeweza kumpeleka polisi mtu aliyemlea hawezi kuzikwa kwao, na shangazi mmoja alimtemea mate kwenye korido ya mahakama. Hans alihamia Arusha kumsaidia, na walau nyumbani palikuwa na mtu wa kusema naye.

Mjadala wenyewe haukuisha. Maofisa walikuja kutoka Dar es Salaam kusikiliza maoni, safari hii kwenye ukumbi mkubwa wa mjini, askari wakiwa mlangoni. Agnela alieleza tena zile njia, na wengi waliona ya kusubiri Jumuiya ndiyo yenye mwelekeo. Sumari alizungumza, taya limekaa upande, maneno yakimtoka kwa shida, na hakuna aliyecheka. Alisema bado anataka soko la Nairobi, ila anataka na mashine za Sombetini zibaki, kwa sababu wanawe wanakula mafuta na wakulima wenzake wanalima alizeti, na kama kuna njia ya kuwa na vyote viwili basi waliosoma waitafute haraka. Aika aliombwa aseme. Alisimama, akaona nyuso zote zimemgeukia, akasema hana la kuongeza, akakaa. Yeye na Sumari walikwisha kupata mwenye lori wa Mbeya. Faida ilikuwa ndogo na safari ndefu, lakini mzigo ulifika kwa barabara ya lami na stakabadhi.

Kwa Nanyori alichelewa kwenda. Wazee walikuwa wamekubaliana juu ya ng'ombe wa fidia, wajomba wakawatoa kwa kinyongo, na Aika alijiambia mara nyingi kwamba jambo limekwisha. Alikwenda baada ya mavuno. Alimsalimu Nanyori kwa Kimaa, takwenya, na yule mwanamke aliitikia iko, kwa sababu haikuwezekana kutoitikia. Alimpa kigoda. Ng'ombe wa fidia walikuwa zizini, wamenona, na Nanyori alisema ni wa shemeji zake, yeye hata maziwa yao hakunywa.

Alitaka kuelezwa. Mahakamani watu walikuwa wamesema Comesa, wamesema ushuru, wamesema jumuiya, na hakuna aliyemgeukia kumweleza. Aika alijaribu. Alieleza kwamba nchi kadhaa zilipatana kuuziana vitu bila kutozana, kwamba nchi yetu ikajitoa ili watu wenye mashine kama kaka yake wasife, kwamba wenye mazao kama yeye wakaumia, kwamba watu wakawa wanabishana turudi au twende wapi. Nanyori alisikiliza mpaka mwisho, akitoa majani makavu kwenye shuka yake.

"Na mume wangu alikuwa upande gani?" aliuliza.

Aika alisema hakuwa na upande. Alikuwa anaendesha gari.

Nanyori akasema anataka kumwona Fanuel. Aika alifikiri hakusikia vizuri, akauliza tena, na Nanyori akarudia kwamba anataka apelekwe gerezani.

Walikwenda siku ya wageni, kwa gari la Hans. Fanuel aliletwa akichechemea, akaketi upande wa pili wa wavu, na alipomtambua mgeni akaanza kuinuka ili aondoke. Aika alimwomba abaki. Nanyori alimkagua taratibu, mkono uliojikunja, kichwa chenye makovu, mguu. Hakuonekana kufurahi wala kusikitika.

"Pale barabarani alikuambia neno," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Yule mwenzako alisema mahakamani kwamba hakulisikia. Alisema nini?"

Fanuel alitazama chini. Askari mmoja alikohoa.

"Alisema, 'Kumbe ni wewe, kaka.' Akashusha rungu." Fanuel aliinua macho. "Alidhani nimekuja kumsaidia."

Nanyori aliweka kiganja kwenye wavu, akausukuma kidogo kama mtu anayejaribu mlango, kisha akauacha. Alimshukuru askari na kutoka nje.

Walirudi kwa barabara ya Namanga. Walipopita korongo Aika alipunguza mwendo, lakini Nanyori alimwonyesha kwa mkono aendelee. Alishuka Oldonyo Sambu, sokoni, penye watu wengi, akasema atanunua chumvi kisha aende nyumbani kwa miguu. Aika aliuliza kama anaweza kuja tena. Nanyori alifikiri, akajibu kwamba hajui, aje wakati wa mvua aone kama atafunguliwa lango. Kisha akajifunga shuka vizuri akaingia kati ya mbuzi na wauzaji, na Aika akageuza gari kurudi mjini.